Sauti Iliyozuiwa Forodhani

Usingizini jana nilifika Ras Ndoana kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilifika kweli, jioni, baada ya kubadilisha mabasi tangu Tukuyu, nikachoka hivi kwamba nilipopewa chumba nililala na viatu, bila hata kuiona bahari niliyoifuata. Ndoto haikupenda uzembe huo. Ikanirudisha mwanzo.

Ni asubuhi, jua linawaka. Nimesimama kwenye lango la bandari na begi langu. Mbele yangu amekaa afisa wa forodha, mwanamume mnene mwenye sare safi, jina Shebwana limeshonwa juu ya mfuko wa shati. Kando yake kuna mzani wa samaki.

"Karibu, dada. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Panda mzani."

Nikapanda. Mzani ukakohoa kidogo.

"Wako wawili," ukasema.

Nikamwambia Shebwana kwamba mzani wake umeharibika. Mzani ukajibu, bila hasira, kwamba umepima papa, umepima nyangumi, umepima hata bwana harusi aliyeficha mawe mfukoni ili aonekane ana afya, na haujawahi kukosea.

"Dada," Shebwana akasema kwa upole, "hapa kwetu msafiri wa peke yake anaingia peke yake. Fungua begi."

Nafungua. Juu ya kanga zangu imekaa sauti ya mama yangu. Ina ukubwa wa tikiti maji, na ina joto.

"Umekula?" inaniuliza.

Hapa lazima nieleze. Mama yangu ni mzima wa afya, yuko Tukuyu na migomba yake. Safari hii aliipinga tangu siku nilipoitaja. Mwanamke mzima unapanda basi peke yako kwenda kutazama maji? Mtoni hakuna maji? Nami niliapa kwamba safari moja tu katika maisha yangu nitakwenda bila kuulizwa chochote na mtu yeyote. Na kumbe nilikuwa nimemfungasha.

"Hii inabaki," akasema Shebwana. "Utaichukua ukitoka. Ila uangalie maji. Yakipwa, kila kilichoachwa hapa kinaondoka nayo."

"Kinakwenda wapi?"

"Bandari nyingine. Na wale hawarudishi. Tumewasema sana."

Nikaiweka sauti kwenye rafu, kati ya boya na pipa la lami.

"Nenda tu," ikasema. "Mimi nitakaa hapa. Usinifikirie."

Ilitumia toni ile mama anayoitumia siku akiwa ameumia. Nikatoka haraka kabla sijalainika.

Mji ulikuwa mtamu. Nilipita mtaa mmoja, ukaona nimeupenda, ukarudi ili nipite tena. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nikakata kona ya soko la samaki, nikajikuta ndani ya ile nyumba ya wageni nilikolala, maji yamejaa sebuleni hadi magotini. Mwenye nyumba, Bi Mwanaharusi, ndiye yule yule aliyenipokea jana, isipokuwa leo ana mikono minane. Si adabu kumuuliza mtu habari za mikono yake.

Mkono mmoja unamimina chai, mwingine unasogeza chapati, mwingine unapangusa meza, mwingine unampungia jirani dirishani.

"Kula, mwanangu."

Nikaishika chapati. Nikaitazama.

"Sijui kama nina njaa, Bi Mwanaharusi."

"Hujui?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akanitazama kwa huruma, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha kingine shavuni, kisha vingine viwili mgongoni. "Umeacha kitu forodhani," akasema.

Nikakana. Nikatoka nje na chapati yangu. Barabarani, mnara wa kuongozea meli ulikuwa umepanga foleni ya vitumbua. Ulipoinama kunisalimia, kivuli chake kilifunika maduka.

"Dada, samahani," ukasema. "Unaungua."

Nikatazama mkono wangu. Kweli, unafuka moshi.

"Hukuambiwa ujifunike?"

"Anayeniambiaga hayupo."

"Basi jiambie mwenyewe."

Wazo zuri. Nikasimama katikati ya barabara nikasema kwa nguvu, "Subilaga, jifunike kanga." Ikatoka sauti ndogo, nyembamba, kama ya mtu aliyekuja kuazima chumvi kwa jirani asiyemzoea. Sikuitii. Mkono uliendelea kufuka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Miaka yote nilidhani mama akinyamaza, sauti itakayobaki itakuwa yangu, na itakuwa kubwa.

Mnara ukainua kichwa, ukatazama mbali.

"Maji yanakupwa," ukasema, ukaacha foleni.

Maji yakapwa, na mji nao ukapwa. Nyumba zilipandisha kuta zao kidogo, kama wanawake wanaovuka dimbwi, zikaanza kurudi nyuma. Duka la dawa likapita. Msikiti ukapita taratibu, ukiomba radhi. Bandari ilikuwa imeshafika mbali, na lango lake likiwa wazi.

Nakimbia. Mchanga unakimbia pia, lakini upande mwingine. Nikikaribia, bandari inasogea. Nikaanguka. Ndipo mikono ikanizoa, mingi, ya baridi, na Bi Mwanaharusi akanibeba juu juu kama ndoo.

"Tulia, mwanangu. Mimi nikishika sidondoshi."

Tulifika winchi ya bandari ikiwa imeshainua wavu. Ndani ya wavu mlikuwa na boya, pipa la lami, na mama. Winchi ilikuwa ndefu, yenye kutu, na haikuwa na haraka.

"Nani anaidai sauti hii?"

"Mimi!"

"Wote husema hivyo. Kama ni ya kwenu, ikujibu."

"Mama!" nikaita.

Kimya.

"Mama, nisamehe!"

Kimya kabisa. Mama akinuna hanuni kidogo. Shebwana akavua kofia, akatazama chini. Winchi ikaanza kugeuka kuelekea baharini, na mimi nikawa nimeishiwa maneno yote mazuri. Nikabaki na ya kweli.

"Mama! Sirudi kesho! Nakaa hapa wiki nzima, na leo hii naingia baharini kuogelea!"

Wavu ukatikisika.

"Utaogelea nini wewe? Lini umejifunza kuogelea? Subilaga! Toka hapo kwenye maji!"

"Ni ya kwake," ikasema winchi, na kwa furaha ikaachia kamba.

Wavu ukatumbukia. Sauti ikazama, ikaibuka, ikameza maji, ikazama tena. Niliingia hadi kifuani nikaikumbatia. Ilikuwa inakohoa, inanilaumu, inakohoa. Mkono wangu ukazimika wenyewe.

Shebwana alitusubiri ufukweni. "Sasa mko wawili, na wewe ulisema uko peke yako," akasema. Akafikiri sana. "Basi umekuja peke yako pamoja na mama yako. Wengi huja hivyo. Piteni."

Nikaigeuza sauti ili itazame kule nilikokuwa natazama. Mama hajawahi kuiona bahari. Nilisubiri iseme kitu kuhusu nguo zangu zilizolowa.

"Kumbe haina ng'ambo," ikasema, polepole.

Nikaamka. Asubuhi, feni inazunguka, viatu bado miguuni. Simu ilikuwa inalia. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa inakwaruza, sikuitambua mara moja.

"Una nini?"

"Sijui, mwanangu. Nimeamka koo linawasha, mdomo chumvi tupu. Na jana nilikula ndizi na maziwa tu. Nikatoka uani kukohoa, nikatema kitu."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu, kinang'aa, kinarukaruka. Kuku amekidaka kabla sijavaa miwani."