Vitako vya Makopo

"Bibi, kopo langu linanuka," alisema mtoto aliyeitwa Redio, ameziba pua kwa vidole viwili.

Bibi Ndoo akaliinua lile kopo la maziwa ya unga. Kopo lilikuwa zito ajabu, na mche uliochanua ua jekundu juzi tu ulikuwa umelala ubavu, majani yamegeuka manjano. Akaliinamisha kuchungulia chini. Hakuona tundu hata moja. Aliona rangi ya bluu tu, nene, imekauka ikang'aa.

Akakumbuka. Matundu ya kutolea maji aliyatoboa mwenyewe, matatu kila kopo, makopo ishirini na mawili. Kisha siku ya kupaka rangi, watoto wa chekechea walipouliza waishie wapi, yeye, mfagizi asiyeachana na ndoo yake, alilewa furaha ya kuitwa mwalimu. "Pakeni kote, wanangu," aliwaambia, "msiache hata kitako!" Nao hawakuacha. Wiki mbili sasa walikuwa wakiimwagilia miche asubuhi na mchana, kumbe wanaizamisha.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mwalimu mkuu alishasema lake: akija saa nne akakuta maua yamechangamka, uwanja wa nyuma utabaki wa watoto, akikuta uchafu, utageuzwa maegesho ya magari. Saa tatu u nusu ilikuwa imeshapita.

"Tuyaongezee maji yapone?" aliuliza Redio, ambaye jina hilo alilipata kwa kutofunga mdomo tangu anaingia getini hadi mama yake anapomfuata.

"Thubutu!" Bibi Ndoo alimkaripia, na papo hapo akaona aibu. "Nisamehe, mjukuu wangu. Kosa ni langu." Akawaita na watoto wengine. "Haya, nishikieni makopo, wawili wawili, myalaze polepole."

Akatoa nyundo na msumari ndooni. Akagonga taratibu, akiogopa kukata mizizi. Kopo la kwanza likatoa maji meusi. La pili nalo. La tano. Maji yakamlowesha ndara, watoto wakashangilia, naye akawanyamazisha. Viatu vya mwalimu mkuu alivijua kwa mlio, na vilikuwa vimeanza kugonga sakafu ya ukumbini kabla ya wakati wake.

Likabaki la Redio. Akatoboa, lisitoke hata tone. Akatoboa tena pembeni. Kavu. Tope lilikuwa limegandamana humo ndani.

"Bibi," Redio alinong'ona, "limekufa?"

"Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Palibaki katikati tu, kwenye mizizi yenyewe. Akausimamisha msumari hapo. Redio akalikumbatia kopo kwa mikono miwili, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, akafunga mdomo.

Viatu vikasimama mlangoni. Bibi Ndoo hakugeuka. Akainua nyundo.