Sindano Ambazo Mutiso Hakudungwa

Mutiso alikuwa dalali wa ng'ombe pale Mutomo, mzee wa miaka sitini na mbili ambaye sauti yake ilisikika mnada mzima. Alipopatikana na saratani ya tezi dume, mkewe Kanyiva aliketi kando yake wakimsikiliza daktari. Angepewa mionzi Nairobi kwa wiki saba. Tena, kila miezi mitatu kwa miaka miwili, angedungwa sindano ya tumboni ya kuzima homoni za kiume zinazoulisha ugonjwa huo.

"Hizo tiba mbili zinasaidiana," daktari akasema. "Usiache moja ukidhani nyingine inatosha."

Mionzi akaimaliza. Sindano ndizo zilizomshinda. Joto lilimpanda ghafla katikati ya mnada, shati likalowa chepechepe. Hamu ya mke ikamwisha. Matiti yakamvimba, na siku moja Musyoka, dalali mwenzake, akamtazama kifuani.

"Mutiso, sasa utatunyonyeshea ndama?"

Watu wakaangua kicheko. Mutiso naye akacheka. Tarehe ya sindano ilipofika, hakwenda hospitali.

Aliaga nyumbani kama kawaida, akapanda basi hadi mji wa Kambu, akashinda kwenye hoteli akinywa chai na kutazama malori ya Mombasa yakipita. Alifanya hivyo mara nne. Kila aliporudi, Kanyiva alimpashia maji, akamkanda tumbo.

"Imeuma, Baba Mwongeli?"

"Kidogo tu."

Jasho likakoma. Nguvu zikarudi. Akajiona amepona, hadi mgongo ulipoanza kumuuma na miguu ikawa mizito. Picha zikaonyesha saratani imeingia kwenye uti wa mgongo.

Daktari akapekua faili. "Mzee, hapa sindano nne hukudungwa."

"Hapana, daktari," Kanyiva akadakia. "Alikuwa anakuja. Mimi mwenyewe nilikuwa namkanda."

Mutiso akainamisha kichwa. "Nilikuwa naenda Kambu."

"Kambu kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Kanyiva akamgeukia daktari. "Tukizianza tena sasa?"

"Tutazianza. Zitapunguza maumivu, zitauchelewesha ugonjwa. Kuponya, hapana."

"Na angedungwa zote?"

"Pengine ugonjwa ungerudi tu, mama. Lakini angekuwa na nafasi nzuri zaidi."

Nje, kwenye benchi, Mutiso alimsimulia mkewe alivyochekwa mnadani. Kanyiva hakupaza sauti. "Ni mimi nilikucheka?"

"Hapana."

"Basi kwa nini ulinificha mimi?"

Mutiso alijaribu kusimama waondoke, miguu ikakataa.

Tangu siku hiyo hajatembea. Kanyiva humwogesha, humlisha, humgeuza kitandani ili ngozi isichubuke. Hufanya yote kwa mikono ya upole, bila kumtazama usoni. Juzi Mutiso alimshika mkono, akaanza, "Mama Mwongeli, zile siku za Kambu nilikuwa naona haya..."

"Geuka upande huu," Kanyiva akamkatiza. "Shuka imelowa."