Pini Tisa Mdomoni

...na kwa nini leo nimezijaza zote kwa mpigo, pini tisa, siku zote naweka tatu, leo tisa, na siwezi kuzitema kwa sababu mikono yote miwili imeshika pindo la gauni na mteja ndiye huyu juu ya stuli, mwalimu wa hesabu, anajizungusha kama anapigwa picha, "Fundi, mbele na nyuma viko sawa kweli?", naitikia kwa kichwa, viko sawa, mwalimu, tulia tu, lakini macho yangu wala hayako kwenye pindo, yako pale pembeni kwenye kiti cha mama, kwa sababu mama ameshika simu, ameishika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ule mzima, hakupewa na mtu, ameichukua mezani pangu kati ya vipande vya bitana, simu ile ile ambayo kwa wiki tatu kila nikimsogezea anageukia ukuta... usishtuke, usipige kelele, kunja pindo, choma pini moja... sasa zimebaki nane... Ijumaa leo, na kaka alisema Jumapili, "Jumapili nakuja kumchukua, kule kwenye kituo cha wazee kuna wawili wa kwao, angalau atapata wa kuongea naye, wewe humwelewi na yeye hakuelewi, mnatazamana tu", na lililonikera ni kwamba hakusema uongo, miezi minne tunatazamana, tangu kile kiharusi kiliponyong'onyeza mkono wake wa kulia na kuondoka na Kiswahili chake chote, chote, hata "maji", kikamwachia lugha ya kwao peke yake, ya utotoni, ambayo sisi wanawe hatujui hata salamu yake, maana baba alitaka nyumba yenye lugha moja na mama akakubali, akaikunja ya kwake akaiweka chini kabisa ya sanduku, "mikono je, Fundi, haijanibana?", haijakubana, mwalimu, umejikaza tu, legeza mabega... na nesi anayemfanyisha mama mazoezi akaniwekea hii programu kwenye simu, unaelekeza kamera kwenye kitu, jina lake linaelea juu yake pale kwenye skrini, kwa lugha ya kina mama, na sauti ya msichana inalitamka, wameitengeneza vijana wa chuo waliotoka upande wa kwao, "huu unaitwa uhalisia ulioongezwa", akaniambia, nikacheka hadi nikakaa chini, dada yangu, huu wa kawaida tu umenishinda, unaniongezea mwingine wa nini... halafu nikaenda nikafanya upumbavu, ndiyo, upumbavu, nikamwinamia mama na kikombe, na kijiko, na mto, "sema, mama, sema", kwa ile sauti ya kubembelezea watoto wa chekechea, mwanamke aliyeshona suti za mahakimu miaka arobaini namwomba aseme kijiko, mimi mwenyewe ningegeukia ukuta...

Anaielekeza wapi? Mezani, kwenye mkasi, ule mkubwa, msichana wa kwenye simu anatamka jina la mkasi, nalijua hilo, nililikariri wiki ya kwanza nikipiga pasi, na mama... mama amesonya! Amesonya, ule wenyewe, mrefu, wa kutoka kwenye jino la nyuma, miezi minne sijausikia, nikiwa msichana ndio ulionifundisha ushonaji wote, mama hakuwa mtu wa maelezo, alikuwa anakuachia kitambaa, unashona, anatazama, anasonya, anakupa wembe ufumue, unashona tena, na usiposonywa ujue umefaulu... na sasa kidole kinabonyeza, kinabonyeza kile kitufe cha kusahihisha, cha "siyo hivyo", ule mviringo mweupe unafunguka kwa mlio wa "ti" na kusubiri sauti yako, sehemu ambayo mimi sijawahi kuigusa, na mama anaongea, polepole, kwa hasira tamu kabisa, neno moja kwa mkasi mkubwa, anasogeza kamera, neno jingine kwa mkasi mdogo wa nyuzi, naam, naam, mama! kwake mikasi si kitu kimoja, wa kitambaa ni wa kitambaa, nilikatia karatasi nikiwa na miaka tisa na makalio yangu yanakumbuka mpaka leo, na yule msichana wa watu alidhani mkasi ni mkasi... chaki, anabonyeza "siyo hivyo", subana, ile kofia ya chuma ya kidoleni, hiyo simu haiijui kabisa, "ti", mama anaitaja, anaitaja mara mbili ili iingie vizuri, na mimi huku chini nayafuata maneno kooni, moja moja, kumbe wiki tatu nzima nilishika simu mimi, nikamfanya yeye mwanafunzi, wakati mwenye darasa ndiye yeye, "Bibi leo kachangamka, anaongea na nani?", na mimi, mwalimu, na mimi, "na wewe Fundi mbona kimya hivyo, umemeza pini?", karibu, mwalimu, usinichekeshe, karibu kabisa...

Kamera inashuka. Inapita kwenye stuli, inapita kwenye viatu vya mwalimu, inasimama kwangu, usoni, na pini zangu, na msichana anatamka lile neno lake la kila mwanamke, na mama anasonya, anabonyeza "siyo hivyo", "ti", nimeacha kukunja... na anasema. Neno fupi, linaanzia kooni, linamalizikia kama mtu anayefunga mlango taratibu ili mtoto asiamke. Simu inalirudia kwa sauti ile ile ya mama, na kuanzia sasa yeyote atakayenielekezea kamera atalisikia, sijui lina maana gani, binti, fundi, kichwa maji, lolote, furaha imenijaa, nitamuuliza, nitamuuliza kwa maneno yake mwenyewe hata kama itanichukua mwaka, na Jumapili kaka akishuka kwenye gari simwambii kitu, nampa mama simu tu, amwelekezee na yeye, tuone kama atabaki na mdomo wa kusema kituo... "Fundi, tumemaliza?", hatujamaliza, mwalimu, pini nane bado zimo mdomoni na pindo bado mkononi, na siwezi kungoja, nalitamka hivyo hivyo, kwa meno yaliyobana, lile neno langu, linatoka bovu kabisa, na pale pembeni mama anasonya.