Ungio la Saba

Kazini wananiita Sikio. Mashine yangu ndogo ya kuning'iniza begani hutuma sauti ndani ya chuma, na mwangwi ukirudi mapema najua kuna ufa au tundu pasipofika jicho. Napaka jeli, natelezesha kichwa cha kupimia kando ya ungio, pale vyuma viwili vilipochomelewa, naangalia kioo. Ni kazi ya subira, na mimi subira sina, ndiyo maana yamenikuta.

Mwezi uliopita nilikataa ungio la saba kwenye bomba la boila jipya la kiwanda. Aliyelichomelea ni kaka yangu mkubwa, yule yule aliyeniingiza kwenye kazi hizi. Likakatwa, likachomelewa upya na fundi mwingine, na kaka akafukuzwa siku hiyo hiyo. Alikuwa na haki ya kudai kipimo cha pili. Hakudai. Alikusanya vifaa vyake akaondoka kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Leo asubuhi nimekijaribu kichwa changu kwenye kile kipande cha chuma cha kulinganishia. Tunatakiwa kufanya hivyo kila siku kabla ya kuanza. Kila siku, jamani, na mimi nilikuwa naruka kwa zaidi ya mwezi, kwa kuchelewa na kiburi. Kichwa kimeandikwa nyuzi sabini, pembe ya kurushia sauti, lakini kinasoma sitini na sita. Nikakigeuza. Soli yake ya plastiki imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Kichwa cha namna hiyo huonyesha ufa pasipo na ufa, na huweza kuupita uliopo.

Nikaenda stoo, nikalitafuta lile ungio lililokatwa, nikalipasua kwa msumeno. Ndani safi, hata alama ya sindano hakuna. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilipaswa kwenda kwa msimamizi kwanza. Nilikwenda kwa kaka.

"Karibu, mkaguzi," wifi alisema mlangoni, bila tabasamu. Kaka alikuwa anakaza miguu ya kiti. Nikaweka kipande cha ungio mezani.

"Kaka, nimekukosea. Lilikuwa zima. Kichwa kilikuwa kimelika na mimi sikukikagua."

Nilitegemea anifokee, au acheke walau. Alipitisha kidole gumba juu ya chuma, taratibu.

"Hili ni la saba kweli?"

"La saba."

"Na la nane?"

"Nililipitisha."

"Kwa kichwa hicho hicho?"

Kaka akaweka bisibisi chini.

"Siku ile macho yalikuwa yananiwasha," alisema. "La nane nililifunika juu kabla vyuma havijashikana chini. Nilijua, nikanyamaza, nikasema mdogo wangu atalikamata. Uliposema la saba, nikadhani umechanganya namba tu, kwamba lililokatwa ni hilo la nane. Ningedai kipimo gani tena? Nilistahili."

Wifi alikuwa bado amesimama mlangoni. Boila limewashwa tangu juzi, na wanaume wanne wanashinda chini ya bomba lile.

Nikampigia msimamizi.

"Zima boila," nikamwambia. "Toa watu wote. Ungio la nane."

"Nani amesema ni bovu?"

Kaka alikuwa ananitazama.

"Mimi," nikasema. "Sikio."

"Basi inatosha," akasema. "Wewe ukisema, mimi sina swali."