Mkono Ambao Safisha Hakuusafisha

Mume wangu alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Safisha. Mtu akishapiga picha ya pasipoti, yeye alikaa kwenye kompyuta nyuma ya pazia akimtoa chunusi, makovu na weusi wa chini ya macho. Wateja walimwambia, "Safisha, nipe uso wangu wa mwaka juzi."

"Wa mwaka juzi umekwisha, shemeji. Umebaki wa kesho."

Mimi pia alinisafisha. Mkono wangu wa kushoto una mabaka yenye magamba, kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo. Miaka tisa nilipaka dawa ya fangasi, maana kila zahanati walinipa hiyo hiyo. Nilivaa nguo za mikono mirefu hata jua likichoma. Lakini katika picha zetu zote, tangu ya harusi, mkono huo ni laini kama wa mtoto. Hakuniuliza, nami sikumwomba. Nilijua ni mapenzi, nikanyamaza.

Daktari wa ngozi wa hospitali kubwa ndiye aliyeutambua ugonjwa wangu, siku ya kwanza tu. Haukuwa fangasi, wala hauambukizi. Nilimuuliza kwa nini wenzake hawakuuona. Akafungua kitabu alichosomea. Kila mkono uliokuwamo ulikuwa mweupe, na mabaka yake mekundu kama nyanya.

"Wamefundishwa kutafuta wekundu," alisema. "Kwetu hauji hivyo. Wako ni zambarau, pembeni kijivu. Utamlaumuje mtu kwa kitu ambacho hajaonyeshwa?"

Yeye na wenzake walikuwa wakikusanya picha za wagonjwa wa kila rangi, kuanzia maji ya kunde hadi weusi ti, ziingie kwenye kitabu kipya cha wanafunzi wa udaktari. Tatizo lilikuwa picha zenyewe. Za simu yake zilitoka giza tupu na mng'ao katikati.

"Mume wangu ni mpiga picha," nikasema.

Safisha alikubali kabla sijamaliza kueleza. Wagonjwa thelathini na mmoja aliwapiga kwa wiki tatu. Taa aliziweka ubavuni ili ngozi isimetemete, na nyuma akatundika karatasi ya kijivu. Siku ya kupeleka picha alivaa shati la pasi, nami nikamsindikiza.

Daktari alitazama ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akavua miwani.

"Fundi, mimi nimesoma miaka kumi na miwili ili niwatibu hawa watu. Wewe umewaponya wote kwa wiki tatu."

Alikuwa amewasafisha wote. Hakukusudia kuharibu kazi, vidole vilikwenda vyenyewe kama vilivyozoea. Na kama kawaida yake, picha iliyosafishwa aliihifadhi juu ya ile ya awali, kwa hiyo za mwanzo hazikuwepo tena.

"Nilitaka kuwasitiri," akasema kwa sauti ndogo.

"Wamesitiriwa vya kutosha, ndiyo maana hawatibiwi. Kitabu kinafungwa baada ya siku kumi. Tusipopeleka picha, kitatoka na mikono ile ile."

Tulirudi studio. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kichwa chini. Sijawahi kumwona mdogo vile. Nikakunja mkono wa gauni langu hadi begani.

"Anza na huu."

"Mama, huo utaonwa na watu wengi."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

Akapiga. Picha ilipofunguka kwenye kompyuta, nilisimama nyuma yake. Kila gamba lilionekana, na zambarau yake, na kijivu cha pembeni. Kidole chake kikaanza kusogea.

"Baba, toa mkono hapo."

"Una roho ngumu wewe."

"Na wewe una mkono mwepesi."

Akacheka, akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekatazwa sukari. Akaitazama ile picha muda mrefu. "Kumbe mkono wako ndio huu," akasema.

Kesho yake tukaanza kuzunguka kwa wagonjwa. Kila mlango, kabla hajaomba radhi, nilitangulia kukunja mkono wa gauni. Ishirini na wanane walikubali kupigwa tena. Siku ya tisa zilikuwa mezani kwa daktari, na safari hii miwani haikuvuliwa.

Kifua kilimchukua Safisha mwezi mmoja kabla kitabu hakijatoka.

Wiki iliyopita nilimpeleka wifi yangu, dada yake Safisha, kwenye zahanati ya mtaani, moja ya zile zilizonipa dawa ya fangasi. Goti lake lilikuwa na mabaka. Daktari alikuwa kijana, ametoka chuo juzi juzi. Aliinama, akagusa, akasema, "Hii si fangasi, mama." Kisha akachukua kitabu rafuni, akakifungua. "Ona, inafanana na ya huyu."

Wifi akanitazama. Nilikunja mkono wa gauni, nikaulaza mkono wangu mezani kando ya ukurasa. Yule kijana akatazama kitabu, akatazama mkono, akarudia.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Siku hizi ugonjwa umepungua, natumia dawa yake."

"Picha nzuri sana hii. Nilifanyia mtihani. Nani alipiga?"

"Kaka yangu," wifi akadakia, machozi yakimlengalenga. "Safisha."

"Ila hii," nikamwambia, "hakuisafisha."