Mmoja wa Wachache

Mwaka 1967, punda alimpiga Mwanamkisi teke la tumbo huko Mbwajumali, kijiji cha kisiwani. Kufikia adhuhuri miguu yake ilikuwa baridi. Nicodemus, dresa aliyetibu majeraha kwenye zahanati, alipapasa nyayo zake, akakuta mapigo ni hafifu mno.

"Mshipa mkuu wa damu umeumia tumboni," alimwambia Gharib, mume wa Mwanamkisi. "Wanaopona ni wachache, tena wakiwahi kupasuliwa Mombasa."

"Basi mwacheni afe kwake," Gharib akasema.

Mwanamkisi akafumbua macho. "Kwani hao wachache si watu? Mimi ni mmoja wao. Leteni mashua!"

Majirani walimvusha hadi uwanja wa ndege wa Manda, akapanda ndege. Mombasa daktari aliushona mshipa. Miezi miwili baadaye Mwanamkisi alishuka mashuani Mbwajumali, akaukataa mkono wa Gharib, akashika ndia, njia ya nyumbani, peke yake.