Shahidi Pembeni mwa Kioo

Maabara nzima ilimwita Mama Vioo, na jina hilo alilivaa kama cheo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikata nyama za wagonjwa nyembamba kuliko karatasi, akizipaka rangi na kuzilaza kwenye vioo ili daktari azisome kwa darubini.

Siku hiyo nyama ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa seremala, zamani akitambua mbao kwa kuzinusa tu. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili vinyama vimemziba pua, hasikii hata harufu ya moshi. Alikuwa amekatwa mara mbili, akamezeshwa dawa za vijidudu mpaka akachoka, na vinyama vikarudi vilevile. Hata hivyo utani haukumwisha. "Fundi wa kweli hunuka kazi yake," alimwambia binti. "Mimi nanuka mbao. Wewe unanuka nini?" Binti alicheka, lakini swali lilimuuma.

Kabla ya kumkata mara ya tatu, daktari alitoa kipande kidogo kipimwe. Mama Vioo akakitengeneza, akachungulia. Chembe nyeupe za damu, zile ambazo punje zake hushika rangi nyekundu, zilikuwa zimefurika. Utando wa pua ukikereketwa huziita wenyewe. Zikifika humwaga sumu zao, nyama ikavimba maji na kuning'inia. Kukata bila kuzituliza ni kufyeka majani na kuacha mizizi.

Daktari akatazama, akacheka. "Mama Vioo, leo umezidisha rangi. Kila kitu chekundu! Au kwa kuwa ni mzee wako, mkono umetetemeka?"

Maneno yalimchoma. Ila alikuwa na desturi ambayo wenzake waliiona kupoteza muda: pembeni mwa kila kioo aliweka kipande cha nyama ya mtu mwingine, asiye na ugonjwa ule. Alikiita shahidi.

"Sogeza kioo kidogo, daktari. Muulize shahidi."

Daktari akasogeza. Nyama ya shahidi ilikuwa na rangi ya waridi iliyotulia, viini vya buluu safi, na punje nyekundu za kutafuta kwa tochi. Kioo kimoja, rangi moja, mkono mmoja. Akarudi kwa mzee, akahesabu chembe, akahesabu tena.

"Mkono haukutetemeka," akasema. "Kisu kisubiri. Tunaanza dawa ya kutuliza chembe hizi."

"Sawa, daktari," alijibu kwa adabu, kidevu kikiwa juu. Alijivunia, na hakuona haya.

Wiki ya sita ya dawa hiyo, binti alirudi nyumbani jioni, akamkuta baba mlangoni. Mzee akakunja uso.

"Mwanangu, nini kinanuka hivi?"

Binti alijinusa. Ilikuwa ile dawa ya kusafishia vipande, inayong'ang'ania nguo hata ukizifua mara saba.

"Ni kazi yangu, baba."

"Miaka yote hii unapita hapa na harufu hii?" Mzee akamvuta karibu, akanusa bega lake polepole, kama alivyozoea kunusa ubao mpya. Machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe," akasema. "Kumbe nyumba hii ina mafundi wawili."